Kadi ya Waifai Imekufa, au Imenyamaza Tu?

"Fundi, waifai imekufa." Kauli hiyo husikika kila siku kwenye vibanda vya kutengeneza kompyuta, kuanzia Oginga Odinga Street mjini Kisumu hadi Kenyatta Avenue kule Nakuru, na haimpi fundi lolote la kushika. Waifai "hufa" kwa sababu swichi ya ubavuni imesukumwa na begi. Hufa kwa sababu Windows ilijisasisha usiku ikabadilisha dreva. Hufa kwa sababu waya wa antena umekatikia kwenye bawaba ya skrini, au kwa sababu kadi yenyewe imeungua kweli. Mwenye laptopu huona jambo moja tu, kwamba hakuna intaneti, na fundi mwenye haraka humuuzia kadi mpya. Kesho yake mteja anarudi na shida ile ile, na mara hii hajaja kwa upole.

Kadi ya mtandao hufanya kazi kama mnyororo. Mazabodi (bodi kuu ya laptopu) lazima iione kadi. Windows lazima iwe na dreva ya kuiongoza (dreva hapa ni programu, si yule wa matatu). Redio iruhusiwe kuwaka, antena zilete mawimbi, kisha rauta itoe anwani (namba ya laptopu kwenye mtandao). Pete moja ikikatika, zote zinazofuata huonekana zimekufa pia. Kwa hiyo usianze na bisibisi. Tafuta kwanza pete ya mwisho ambayo bado inashika.

Windows inasema nini

Bofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye alama ya Windows, fungua Device Manager, kisha Network adapters. Hapo pana habari nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kama jina la kadi lipo na halina alama yoyote, mazabodi inaiona na dreva inafanya kazi. Ruka hadi kwenye redio na antena. Mshale mdogo unaoelekeza chini maana yake kadi imezimwa kwa programu: bofya kulia, chagua Enable, basi. Pembetatu ya manjano inataka usomwe ujumbe wake. Bofya jina mara mbili na utazame namba. Code 28 ni ukosefu wa dreva. Code 10 ni kadi iliyoonekana lakini ikakataa kuanza. Code 43 ni kadi iliyojitangaza yenyewe kuwa ina hitilafu. Code 45 hujitokeza tu ukifungua menyu ya View na kuchagua Show hidden devices: jina linakuwa limefifia, maana yake kadi iliwahi kuwemo na sasa mashine haiioni.

Ukikuta sehemu iitwayo Other devices yenye kitu kiitwacho Network Controller, usihuzunike. Hiyo ni habari njema: mazabodi inaiona kadi, ila Windows haijui ni ya nani. Bofya mara mbili, nenda Details, chagua Hardware Ids. Utaona msururu unaoanza na PCI\VEN_ ukifuatwa na tarakimu nne. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14C3 ni MediaTek, 168C ni Qualcomm Atheros, 14E4 ni Broadcom. Tarakimu nne zinazofuata neno DEV_ zinataja modeli yenyewe. Ukiwa na namba hizo mbili huhitaji tena programu zile za "kutafuta dreva zote bure", ambazo mara nyingi huingiza takataka kuliko dreva. Chukua dreva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu kwa kutumia modeli kamili iliyoandikwa chini ya mashine, au kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kadi.

Utaipakuaje ilhali waifai ndiyo haifanyi kazi? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, kisha washa USB tethering kwenye mipangilio ya simu. Windows 10 na 11 huja tayari na dreva ya njia hiyo, kwa hiyo laptopu itaona intaneti ya simu kama vile ni waya wa mtandao. Chunga bando lako: Windows ikionja intaneti huanza kupakua masasisho yake. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo uwashe Metered connection kwanza.

Dawa ya Code 10

Hapa pastahili kukaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo kadi nzima hutupwa.

Tangu Windows 8, ukibofya Shut down mashine haizimiki kabisa. Kuna kitu kinaitwa Fast Startup: kiini cha Windows, pamoja na dreva zilizopakiwa, huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kama kilivyokuwa. Dreva iliyochanganyikiwa jana usiku inaamka asubuhi ikiwa bado imechanganyikiwa. Restart ndiyo inayoanza upya kweli, hata kama jina lake linasikika dogo. Ukitaka kuzima kwa dhati, shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya Shut down.

Tena kadi yenyewe ina programu yake ndogo ndani, na nafasi inapochomekwa huendelea kupata umeme kidogo hata laptopu ikiwa imezimwa. Kadi za Intel za aina ya AX200 na AX201 zina sifa ya kukwama katika hali hiyo, zikatoa Code 10 kila mara hata ukibadilisha dreva mara kumi. Dawa ni kuzinyima umeme kabisa. Zima mashine kwa Shift. Toa chaja. Kama betri inatoka, itoe. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hadi 60, ngoja dakika chache, rudisha umeme, washa. Kwa betri ya ndani, ThinkPad nyingi zina chaguo kwenye baiosi (mipangilio ya mashine yenyewe, inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), sehemu ya Config kisha Power, liitwalo Disable built-in battery. Laptopu nyingine itakubidi ufungue kifuniko na kuchomoa plagi ya betri.

Kama haijakubali, rudi Device Manager, bofya Uninstall device, weka tiki kwenye kisanduku cha kuondoa dreva, washa upya, kisha weka dreva ya mtengenezaji. Na kama shida ilianza mara tu baada ya sasisho, jaribu Roll Back Driver kabla ya hayo yote. Laptopu ambayo betri imekufa na inaishi kwa chaja ina hatari ya ziada: stima ikipotea katikati ya sasisho, dreva hubaki nusu. Tiba yake ni hiyo hiyo ya kuondoa na kuweka upya.

Kadi isiyoonekana kabisa

Sasa tuseme hakuna jina, hakuna Network Controller, na Show hidden devices inaonyesha Code 45. Kabla ya kufungua, kagua vizuizi.

Laptopu nyingi za ex-UK zinazouzwa kwetu zina swichi ya kuteleza. Dell Latitude za E6410 hadi E6430 huwa nayo ubavuni, na ThinkPad za zamani huwa nayo ukingoni. HP hutumia kitufe chenye taa, mara nyingi kwenye F12: taa ikiwa ya rangi ya chungwa, redio imezimwa. Kisha ingia baiosi. Kwa kawaida ni F10 kwenye HP, F2 kwenye Dell, F1 kwenye ThinkPad. Tafuta sehemu yenye neno Wireless au WLAN uhakikishe kifaa hakijafungwa.

Kuna mpangilio mmoja unaosumbua sana mashine zilizotoka maofisini Ulaya. HP EliteBook zina LAN/WLAN Switching, na Dell Latitude zina Wireless Radio Control. Kazi yake ni kuzima waifai mara waya wa mtandao unapochomekwa, na ofisi ya kwanza iliuacha umewashwa. Mteja anachomeka waya nyumbani, waifai inapotea. Anapeleka kwa fundi bila waya, inafanya kazi. Wanaitana waongo bure. Ondoa tiki.

Baada ya hapo, kipimo kimoja kinakata mzizi: flashi ya GB 8 yenye Ubuntu (mfumo wa Linux unaoweza kushika nafasi ya Windows). Itengeneze kwa programu ya Rufus, washa laptopu kutoka kwenye flashi, chagua kujaribu bila kusakinisha. Kama waifai inaonekana na kuungana humo, kadi ni nzima, antena ni nzima, na ugomvi wote uko Windows. Kama haionekani, fungua terminal (dirisha la kuandikia amri) uandike:

lspci -nnk
rfkill list

Amri ya kwanza huorodhesha vyote vilivyochomekwa. Ukiona kadi kwenye orodha lakini haina mstari wa "Kernel driver in use", inaonekana ila Linux haina dreva yake; Broadcom wana tabia hiyo, na kadi mpya sana nazo hutaka Ubuntu ya karibuni. Kama haimo kabisa, tatizo ni la chuma: mguso, kadi, soketi au baiosi. Amri ya pili husema kama redio imefungwa. "Soft blocked: yes" hufunguliwa kwa rfkill unblock all. "Hard blocked: yes" ni swichi ya kimwili, au pini ya kadi inayopokea amri ya kuzima kutoka kwenye mazabodi. Kwenye kadi za mini PCIe (umbo la zamani, kabla ya M.2 ya sasa) pini hiyo ni ya 20: upande wa namba shufwa, ya pili baada ya pengo lililokatwa kwenye meno ya kadi, kwenye sehemu ndefu. Wapo wanaoifunika kwa kipande chembamba cha tepu ya Kapton (isiyopitisha umeme) ili redio ibaki imewaka daima. Hufanya kazi, lakini fanya hivyo tu ukishathibitisha kwamba swichi imeharibika. Tepu ikifunika pini ya jirani, umejiletea kitendawili kingine.

Kufungua

Utahitaji bisibisi ya Phillips namba 0 na 00, kipande cha plastiki cha kubandulia, na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya buluu ya dukani ina rangi na huacha utando, iache.

Zima kwa Shift, toa chaja, fungua kifuniko cha chini, chomoa betri kwanza. Piga picha ya kadi kabla ya kugusa waya. Picha hiyo ni ya lazima, kwa sababu rangi za waya hazina sheria moja: mahali pengine waya mkuu ni mweupe, Lenovo nyingi huufanya wa kijivu, na wa pili huwa mweusi. Juu ya kadi kuna pembetatu ndogo au namba 1 na 2. Zitazame kwenye picha ukirudisha.

Viunganishi vya antena ndivyo vinavyovunjwa zaidi na watu wenye nguvu. Kwenye kadi za mini PCIe ni U.FL, duara la upana wa milimita mbili hivi; kwenye kadi za M.2 ni MHF4, dogo zaidi. U.FL imetengenezwa kuvumilia kuchomekwa mara 30 tu. Usivute waya. Ingiza ncha ya plastiki chini ya kichwa cha chuma, inua wima, taratibu. Wakati wa kurudisha, weka kichwa juu ya duara bila kukandamiza, kisogeze kidogo kwa ncha ya kidole hadi uhisi kimekaa katikati, ndipo ukibonyeze. Utasikia mguso mdogo kama wa kucha. Usipousikia, hakijaingia, ukilazimisha, duara la kwenye kadi linapondeka na kadi nzima ndiyo kwaheri.

Ukitoa skrubu ya kadi (moja au mbili), ukingo wake huinuka wenyewe. Vuta kwa kufuata mteremko huo. Futa meno ya dhahabu kwa alkoholi na kitambaa kisicho na nyuzi, acha yakauke, rudisha kwa mteremko ule ule hadi dhahabu isionekane tena. Kisumu, pamoja na unyevu wa ziwa, mara nyingi utaona ukungu wa kijani kwenye meno hayo. Nakuru adui ni vumbi. Hata jina la mji husemwa latokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi. Kusafisha na kurudisha kadi kunaponya Code 45 nyingi kiasi cha kustahili kujaribiwa kabla ya pesa kutoka.

Ukilazimika kununua

Kuna mitego mitatu, na wauzaji wengi hawaitaji.

Wa kwanza ni umbo. Mini PCIe nusu ina pini 52 na upana wa milimita 30. M.2 ya waifai ni 2230, yaani upana wa milimita 22 na urefu wa 30, yenye pengo la A, E au yote mawili. Laptopu nyingine zina soketi ya pili ya M.2 ya modemu ya laini ya simu, yenye pengo la B. Kadi ya waifai haiingii humo. Na laptopu nyembamba za sasa nyingine zina kadi iliyochomelewa kwenye mazabodi. Hiyo haibadilishwi; nunua adapta ya USB.

Wa pili unaumiza zaidi. Kadi za Intel 9560, 9462, AX201 na AX211 si kadi kamili. Zimebeba redio tu. Akili iliyobaki imo ndani ya prosesa au chipseti ya Intel, mfumo uitwao CNVi. Ukiipachika AX201 kwenye laptopu yenye prosesa ya AMD, au ya Intel ya kizazi cha 7, itaingia vizuri, skrubu itakaza, na haitaonekana kamwe. Kizazi cha 8 chenyewe kina utata: i5-8250U haina CNVi, i5-8265U inayo. Ukiwa na shaka chukua 8265, 9260, AX200 au AX210, ambazo ni PCIe ya kawaida, yaani kadi kamili. Kwa zile za AX, mwisho wa namba husaidia: sifuri ni kadi kamili, moja ni CNVi.

Wa tatu ni orodha ya baiosi. ThinkPad za T420 na T430, na HP za umri huo, hukubali tu kadi zilizoandikwa kwenye baiosi yao. Ukiweka nyingine, ThinkPad itasimama na ujumbe wa 1802, Unauthorized network card is plugged in. HP itasema 104-Unsupported wireless network device detected. Kadi si mbovu. Tafuta yenye namba ya spea ya Lenovo (huitwa FRU), au namba ya spea ya HP, inayolingana na modeli yako katika mwongozo wa huduma.

Na ukishabadilisha kadi, umebadilisha anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi yenyewe). Mtandao wa chuo au wa ploti uliosajili kifaa chako kwa anwani ya zamani utakukataa hadi usajili upya.

Inaona mitandao, lakini kwa shida

Laptopu inayoshika waifai ukiwa umekaa kando ya rauta na kuipoteza ukivuka chumba ina tatizo la antena. Antena zimo ndani ya fremu ya skrini, na nyaya zake hupita kwenye bawaba. Bawaba ikivunjika, au skrini ikibadilishwa na mtu aliyesahau kupitisha waya mahali pake, shaba inakatwa polepole. Andika kwenye Command Prompt:

netsh wlan show interfaces

Tazama Signal, kisha fungua na ufunge skrini taratibu ukirudia amri. Asilimia ikiruka kutoka 80 hadi 30 kwa kusogeza skrini, umepata mgonjwa. Kumbuka pia kwamba mabati huzuia mawimbi vibaya sana. Chumba cha mabati kando ya nyumba ya mawe si kipimo cha haki kwa kadi yoyote.

Kama mtandao wako mmoja tu ndio hauonekani, uliza netsh wlan show drivers. Orodha ya Radio types ikikosa 802.11a na 802.11ac, kadi inasikia GHz 2.4 pekee, na mtandao wa GHz 5 hautauona hata ukiibusu rauta. Mashine zilizotoka Marekani nazo mara nyingi huishia chaneli ya 11, kwa hiyo rauta iliyojichagulia ya 12 au 13 haionekani kwao. Iweke rauta kwenye 1, 6 au 11. Diski ya USB 3 iliyochomekwa karibu na kadi pia huchafua GHz 2.4; iondoe wakati wa kupima.

Ikiwa umeunganishwa lakini hakuna kinachofunguka, andika ipconfig. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake rauta haikukupa anwani: zima na uwashe rauta, kisha jaribu netsh int ip reset na uwashe laptopu upya. Kisha andika ping 8.8.8.8, kupima kama intaneti inafikika; ikijibu na tovuti zisifunguke, tazama DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani). Na tazama saa. Betri ndogo ya saa kwenye mazabodi (CR2032) ikifa, tarehe hurudi miaka nyuma, tovuti salama zote hukataa, na kadi hulaumiwa bure.

Tundu la waya na radi

Ukanda wa Ziwa Victoria na nyanda za Kisii, Kericho na Kakamega hupata radi nyingi, na tundu la waya wa mtandao huumia kuliko waifai. Waya uliovutwa nje kutoka nyumba moja hadi nyingine hukusanya mshtuko hata radi ikipiga mbali, na mshtuko hufika kwenye chipu ya laptopu moja kwa moja.

Taa za tundu zisipowaka, jaribu waya mwingine na tundu lingine la rauta kwanza. Taa zikiwaka lakini kasi inabaki Mbps 100 kwenye rauta ya gigabiti, mara nyingi ni waya: Mbps 100 hutumia nyaya za 1, 2, 3 na 6 tu, gigabiti hutaka zote nane, na moja ikilegea kwenye kichwa cha RJ45 kasi inashuka. Bana vichwa upya. Lakini kama hakuna taa popote na Device Manager haioni Realtek au Intel ya waya tena baada ya mvua ya jana, chipu imeungua. Kuibadilisha ni kazi ya hewa ya moto kwenye mazabodi. Adapta ya USB ya mtandao wa waya huwa rahisi zaidi. Izime chipu iliyoungua kwenye baiosi ikiwa bado inachelewesha mashine kuwaka, na kwa waya wa nje, weka faiba (waya wa kioo) kati ya nyumba na nyumba, maana kioo hakipitishi umeme.